Roger Heim na Uyoga wa Kichuguu

Mwaka 1942 Paris ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Hitler. Mkate ulipatikana kwa kadi ya mgao, na bendera ya wavamizi ilipepea juu ya majengo ya serikali. Mwaka huohuo, katika Makumbusho ya Taifa ya Elimu ya Viumbe yaliyo ndani ya bustani ya Jardin des Plantes, mtaalamu mmoja wa kuvu alichapisha utafiti kuhusu uyoga unaoota juu ya vichuguu vya Afrika. Alidai kwamba uyoga huo, ambao wenzake walikuwa wameutawanya huku na huko katika makundi mbalimbali, ni ukoo mmoja wenye tabia zake. Akaupa jenasi yake, akaiita Termitomyces. Mtu huyo ni Roger Heim, na ndiye tunayemzungumzia leo.

Msikilizaji uliyekulia Songea, Kigoma, Bujumbura au Lubumbashi, uyoga anaouzungumzia Heim unaujua vizuri kuliko Mfaransa yeyote. Mvua za kwanza zikishaloweka ardhi, unachomoza juu ya kichuguu au kando yake, kofia ikiwa na nundu ngumu katikati kama ncha ya mkuki. Ukiuvuta taratibu, shina haliishii udongoni. Linaendelea chini, jembamba na refu, wakati mwingine kwa kina cha mkono mzima, na mara nyingi hukatika kabla hujafika mwisho wake. Waokotaji wazoefu hawababaishwi na mzizi huo. Wao wanajua kwamba kichuguu kilichotoa mwaka huu kitatoa na mwaka ujao, na wengine hawakitaji mahali kilipo hata kwa jirani.

Kule chini mzizi unaishia wapi? Hilo ndilo lililomshughulisha Heim kwa karibu miaka 40.

Unaishia kwenye sega. Mchwa wa kundi linalojenga vichuguu vikubwa, wakiwamo wale wa jenasi ya Macrotermes, hukusanya kuni zilizooza, majani makavu na nyasi. Chakula hicho ni kigumu, na matumbo yao peke yake hayakimalizi. Vibarua hukitafuna, hukipitisha tumboni haraka, kisha kinyesi chao hukipanga tabaka juu ya tabaka mpaka kinakuwa sega la kahawia lenye mikunjo na vyumba. Juu ya sega hilo hukua nyuzi nyeupe za kuvu, ambazo huzivunja zile kuni na kuzilainisha. Baada ya muda huota vifundo vidogo vyeupe, vidogo kuliko punje ya mtama, na mchwa huvila. Sehemu ya sega iliyozeeka, ambayo kuvu amekwisha kuifanyia kazi, nayo huliwa. Hakuna kinachotupwa.

Kwa hiyo uyoga tunaoutia sufuriani ni tunda la kuvu anayelelewa na mdudu. Wazungu walikuwa wameyaona masega hayo tangu karne ya 18, na wengi walikubali kwamba mchwa wana bustani zao. Kazi ya Heim ilikuwa kuthibitisha ni kuvu gani hasa anayeishi mle, na kwamba vile vifundo vya chumbani na zile kofia za juani ni kiumbe kimoja. Hilo linasikika jepesi ukiambiwa leo. Wakati ule kulikuwa na kuvu wengine waliodhaniwa kuwa ndio wenye nyumba, hasa yule anayetoa vidole vyeusi juu ya masega yaliyotelekezwa. Mchwa wakiwapo, humdhibiti asijitokeze. Mchwa wakifa au wakihama, humea kwa fujo na kuliteka sega zima. Mtafiti aliyefukua kichuguu kilichohamwa alikuwa na kila sababu ya kumtaja mvamizi kuwa ndiye mwenyeji.

Heim hakuwa mtoto wa msituni. Alizaliwa Paris tarehe 12 Februari 1900, na masomo yake ya kwanza ya juu yalikuwa ya uhandisi, katika École Centrale, chuo kilichotoa watu wa madaraja, mitambo na viwanda. Njia ilikuwa imeshanyooka kuelekea kazi yenye mshahara mnono. Akaiacha, akageukia mimea isiyo na maua: kuvu, kuvumwani, magamba ya rangi yanayoota juu ya mawe. Ukisoma maandishi yake, hata hivyo, mhandisi hakumtoka. Kila uyoga anaupima, anaukata, anauchora kutoka pande zote, anataka kujua kila kiungo kinafanya kazi gani. Na alikuwa na mkono wa mchoraji. Picha zake za rangi ya maji bado zinapendeza kuzitazama hata kwa mtu asiyejali sayansi yake.

Tasnifu yake ya 1931 ilihusu Inocybe, uyoga mdogo wa rangi ya udongo ambao hakuna anayegeuka kuutazama njiani. Aina zake nyingi zina sumu ya muskarini, ambayo humfanya mtu atokwe jasho na udenda bila kikomo. Ni kundi gumu linalowachosha wataalamu mpaka leo, kwa kuwa mara nyingi aina moja hutofautiana na nyingine kwa mambo madogo kama umbo la spora, na spora haionekani bila hadubini. Kijana anayeanza maisha ya kisayansi kwa kundi kama hilo ama ana kiburi au ana subira. Heim alikuwa na vyote viwili.

Katika miaka hiyohiyo ya 1930 alisafiri hadi Madagaska, na mwaka 1938 akatoa kitabu kuhusu uyoga wa misitu ya mashariki ya kisiwa hicho, ule unaotoa utomvu mweupe ukiukwaruza pamoja na ndugu zake wasio na utomvu. Mwaka 1936 alikuwa amekwisha kuanzisha jarida lake la elimu ya kuvu, Revue de Mycologie. Madagaska ilimfundisha jambo ambalo maabara ya Paris isingemfundisha: kwamba vitabu vya Ulaya vilikuwa vimeandikwa kutokana na misitu ya Ulaya, na mtu akivipeleka kwenye nchi za joto anaanza kulazimisha uyoga kuingia katika makundi yasiyo yake. Sehemu kubwa ya kazi yake ya baadaye ilitokana na hapo.

Turudi kwenye vita. Heim alikuwa upande wa wapinzani wa uvamizi. Alikamatwa, akapelekwa Ujerumani katika kambi ya Buchenwald, kisha Austria, Mauthausen na tawi lake la Gusen, ambako wafungwa walivunja mawe ya matale hadi kufa. Alirudi hai. Mwaka 1947 alichapisha kumbukumbu za safari hiyo kwa jina La Sombre Route, yaani njia yenye giza. Lakini mwaka mmoja kabla ya kitabu hicho kutoka, alikuwa amekwisha kuchaguliwa kuingia Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, na alikuwa tayari amezirudia hadubini zake. Wapo watu ambao kazi huwaokoa kwa sababu haiwaulizi chochote kuhusu yaliyopita. Sina hakika kama alikuwa miongoni mwao, lakini wingi wa alichoandika baada ya 1945 unastaajabisha.

Mwaka 1951 akawa mkurugenzi wa makumbusho yote, na alibaki hapo hadi 1965. Ni taasisi kongwe, iliyoanza mwaka 1635 ikiwa bustani ya mfalme ya mitishamba. Mkurugenzi wake angeweza kuishi maisha ya karamu na hotuba za kukata utepe. Heim aliitumia nafasi hiyo kugombana.

Aligombana na nani? Na watu wa maendeleo ya haraka. Mwaka 1952 alitoa kitabu kuhusu uharibifu na ulinzi wa maumbile, wakati ambapo Ulaya iliyotoka vitani haikutaka kusikia neno lolote ila saruji, chuma na mbolea. Mwaka 1954 akachaguliwa rais wa muungano wa kimataifa wa kuhifadhi maumbile uliokuwa umeundwa Fontainebleau, Ufaransa, mwaka 1948. Chombo hicho ndicho tunachokijua leo kwa kifupi cha IUCN, na kilipata jina hilo Edinburgh mwaka 1956, Heim akiwa kitini. Alikiongoza hadi 1958. Miaka 3 baadaye, Septemba 1961, IUCN ilikuwa miongoni mwa waandalizi wa mkutano wa Arusha ambako Julius Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu wa Tanganyika, alitoa tamko la kulinda wanyamapori ambalo wahifadhi wa Afrika Mashariki wanalitaja mpaka leo. Heim alikuwa ameshaondoka madarakani, hivyo tusimpe sifa ya Arusha. Ila mashine iliyofika Arusha ilikuwa imepitia mikononi mwake.

Kisha ikaja vita ya viuatilifu. Rachel Carson, mwanabiolojia wa Marekani, alikuwa ameitikisa nchi yake mwaka 1962 kwa kitabu Silent Spring, kilichoeleza jinsi DDT na jamaa zake wanavyoua ndege na samaki pamoja na wadudu wanaolengwa. Tafsiri ya Kifaransa ilipotoka mwaka 1963, dibaji iliandikwa na Heim. Hakuandika dibaji ya heshima, ile ya kumpongeza mwandishi na kuondoka. Alihoji kwa nini jamii inawakimbiza majambazi na kuwaadhibu wauaji, na huku wanaosambaza sumu kwa faida wako huru wanaendelea na biashara. Mkurugenzi wa taasisi ya serikali, mwanachama wa Akademia, anaandika namna hiyo! Viwanda vya kemikali havikufurahi, na bila shaka yeye hakutarajia vifurahi.

Sasa tuingie kwenye kisa kilichomfanya ajulikane hata na watu wasiojua tofauti ya uyoga na kabichi.

Huko New York aliishi mtu wa benki, R. Gordon Wasson, makamu wa rais katika J.P. Morgan. Mkewe, Valentina, daktari wa watoto mzaliwa wa Urusi, alipenda uyoga tangu utotoni. Wasson alilelewa kuuogopa. Tofauti hiyo ya ndani ya nyumba iliwapeleka wote wawili kwenye utafiti wa maisha: kwa nini mataifa mengine huukumbatia uyoga na mengine huuchukia? Wakiwa katika kufukua huko walikutana na habari za Meksiko. Padre Bernardino de Sahagún aliandika katika karne ya 16 kwamba wenyeji hula uyoga katika ibada na kuona maono. Baadaye habari hizo zilikanushwa; mwaka 1915 mtaalamu wa mimea wa Marekani, William Safford, alishikilia kwamba uyoga huo haupo, kwamba mapadre walichanganya na dungusi aina ya peyote iliyokaushwa. Kumbe milimani Oaxaca ibada ilikuwa hai muda wote, na vielelezo vilikuwa vimeokotwa tena mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwezi Juni 1955, katika mji wa Huautla de Jiménez, mganga wa Kimazateki aitwaye María Sabina alikubali kumshirikisha Wasson katika kesha la usiku mzima.

Wasson alihitaji mtu wa kumwambia amekula nini. Akamgeukia Heim, ambaye alikwisha kuwa mshauri wake. Mwaka 1956 Heim alifunga safari mwenyewe hadi Huautla. Katika msafara huohuo alikuwamo James Moore, mkemia wa Chuo Kikuu cha Delaware, aliyejitambulisha kuwa anavutiwa na kemia ya uyoga. Baadaye ilijulikana kwamba Moore alitumwa na shirika la kijasusi la Marekani, CIA, lililokuwa likitafuta dawa za kuvuruga akili za watu, na kwamba sehemu ya fedha za msafara ilitoka huko kupitia mfuko wa kujificha. Moore aliichukia safari: aliugua tumbo, akalala chini, akaona baridi, na wenyeji hakuwapenda. Heim aliuonja uyoga, akachora, akakusanya spora na vielelezo, akarudi Paris.

Yaliyofuata ni mashindano ambayo mmoja wa washindani hakujua kuwa anashindana. Jasusi alirudi na mfuko wa uyoga mkavu, akahangaika nao maabara. Heim, akishirikiana na msaidizi wake Roger Cailleux, aliuotesha. Aina moja ndogo ambayo yeye mwenyewe aliipa jina, Psilocybe mexicana, ilikubali kumea katika maabara ya Paris, na hapo ikawezekana kupata mzigo wa kutosha kwa kemia. Mzigo huo ulipelekwa Basel, Uswisi, kwa Albert Hofmann wa kampuni ya Sandoz, yuleyule aliyegundua LSD.

Hofmann aliujaribu kwanza kwa wanyama, na wanyama hawakueleza lolote la maana. Akaanza kushuku kwamba uyoga uliooteshwa Paris hauna nguvu. Ili ajue, akala vipande 32 vikavu, gramu 2.4 kwa jumla. Baada ya nusu saa dunia yote ikageuka ya Kimeksiko, na daktari aliyeinama kumpima shinikizo la damu akamwona amekuwa kuhani wa Kiazteki. Basi uyoga ulikuwa mzima. Wanyama ndio waliokuwa kipimo kibaya. Tangu hapo timu ya Hofmann ilijijaribia yenyewe kila hatua, na mwaka 1958 ikatangaza kemikali mbili, silosibini na silosini. CIA ilikuwa imebaki nyuma, na nyuma ya mzee wa Kifaransa aliyekuwa na vyungu vya uyoga.

Kabla ya hapo, tarehe 13 Mei 1957, jarida la Life la Marekani lilikuwa limetoa simulizi ya Wasson, ikiwa imepambwa na michoro ya Heim. Mwaka 1958 Heim na Wasson wakatoa pamoja kitabu kikubwa kuhusu uyoga wa maono wa Meksiko, kikichapishwa na makumbusho ya Paris.

Hapa ndipo Heim anaponikwaza kidogo. Katika kuzipa majina aina mpya, moja aliipa jina la Wasson, wassonii. Nyingine akaiita hoogshagenii kwa heshima ya Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi ya kimisheni na lugha katika eneo hilo. Wenyeji nao walipata majina, ila kwa kabila: zapotecorum ya Wazapoteki, mazatecorum ya Wamazateki, aztecorum ya Waazteki. Mtu wa benki alipewa jina lake binafsi, wenye elimu ya uyoga wakapewa jina la umati. Sidhani alikusudia dharau. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya wakati wake, na Wasson ndiye aliyekuwa mezani pamoja naye. Hata hivyo jambo hilo linaonekana wazi ukiyapanga majina pamoja. Na jina la wassonii lenyewe halikudumu, kwa kuwa wataalamu wengine wa kuvu, Rolf Singer na Alexander Smith, walimtangulia kuchapisha jina lao kwa uyoga uleule, jambo lililozua chuki ya miaka mingi.

María Sabina alilipa gharama ambayo hakuna aliyemwonya. Katika Life Wasson alimficha kwa jina la uongo, lakini siri haikukaa. Katika miaka ya 1960 vijana wa Marekani na Ulaya walimiminika Huautla wakitafuta ulevi, polisi nao wakafuata nyuma yao, nyumba ya mganga ikachomwa moto, na majirani wakamlaumu kwa kuuza siri ya mababu. Hofmann alipomtembelea mwaka 1962 na kumpa vidonge vya silosibini, mganga alikesha navyo, akasema nguvu yake ni ileile ya uyoga. María Sabina alifariki mwaka 1985, maskini. Leo silosibini inajaribiwa hospitalini kwa wagonjwa wa sonona iliyoshindikana kwa dawa nyingine, na tangu Julai 2023 Australia imewaruhusu baadhi ya madaktari wa akili kuiandika.

Mwaka 1963 Heim na Wasson walikwenda pamoja Papua New Guinea, katika bonde la Wahgi, kuchunguza kile kilichoitwa wazimu wa uyoga wa watu wa Kuma. Ilisemekana kwamba katika majira fulani baadhi ya wanaume hula uyoga, wanachukua mikuki, wanakimbia kijijini wakitisha ndugu zao, na wanawake nao wanacheka na kucheza ovyo. Heim aliutafuta uyoga huo, akaupata, akauita kwa majina ya kutisha, mojawapo Boletus manicus. Lakini hakupata ndani yake kitu cha kutosha kuueleza wazimu. Yeye na Wasson walikiri kwamba chanzo kinaonekana kuwa katika desturi zaidi kuliko katika kemia. Ninampenda zaidi katika safari hii kuliko ile ya Meksiko. Alikwenda kutafuta dawa, akakuta jamii inayojipa ruhusa ya kuvunja adabu kwa msimu, akaandika hivyohivyo bila kulazimisha matokeo.

Lakini Afrika ndiyo iliyomrudisha kila mara. Katika Kongo ya Wabelgiji kazi ya kukusanya na kuchora uyoga ilifanywa kwa miaka mingi na Bi Goossens-Fontana, mwanamke aliyeishi huko na kupeleka vielelezo na michoro ya rangi kwenye bustani ya mimea ya Brussels. Maurice Beeli alivieleza vingi kati ya vielelezo hivyo, na baada yake Heim alivifanyia kazi tena; mwaka 1958 sehemu ya Termitomyces katika mfululizo wa vitabu vya uyoga wa Kongo ilikuwa ya mkono wake. Nani aliyeuokota uyoga porini na kumpelekea Bi Goossens-Fontana, vitabu havitaji, kama ilivyo desturi ya makusanyo ya kikoloni. Mtu asiyejua hawezi kufika kwenye kichuguu sahihi kwa siku sahihi. Lazima awepo wa kumwonyesha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Heim alianzisha kituo cha utafiti cha La Maboké, katika msitu wa mkoa wa Lobaye, Jamhuri ya Afrika ya Kati, nchi iliyokuwa imepata uhuru mwaka 1960. Huko watafiti waliweza kukaa na mchwa mwaka mzima badala ya kupita tu wakati wa safari. Kituo kilikuwa na jarida lake, na suala la uyoga wa kichuguu lilikuwa katikati ya kazi zake. Aliyekuwa naye katika suala hilo ni Pierre-Paul Grassé, mtaalamu mkubwa wa mchwa wa Ufaransa. Mmoja alikijua kichuguu kwa upande wa mdudu, mwingine kwa upande wa kuvu, na kuna aina ya uyoga yenye majina yao wote wawili. 

Mwaka 1977, akiwa na miaka 77, Heim alitoa kitabu Termites et champignons, mchwa na uyoga, kama anayefunga hesabu ya maisha. Alifariki Paris tarehe 17 Septemba 1979.

Hesabu haikufungwa. Mwaka 1980 David Pegler, mtaalamu wa bustani ya Kew, Uingereza, pamoja na G. D. Piearce, walieleza aina mpya kutoka Zambia na kuiita Termitomyces titanicus. Kofia yake huweza kukaribia mita 1 kwa upana, na ni miongoni mwa uyoga mkubwa kabisa unaolika duniani. Wataalamu walikuwa wameipitia jenasi hiyo kwa karibu miaka 40 wakiwa na vipimo na hadubini, na aina kubwa kuliko zote ikawaponyoka, huku waokotaji wa Zambia wakiijua na kuiuza miaka yote hiyo.

Mwaka 2002 kundi la watafiti lililoongozwa na Duur Aanen lililinganisha vinasaba vya mchwa na vya uyoga wao kutoka Afrika na Asia. Lilikuta kwamba mchwa walianza kulea kuvu mara moja tu, barani Afrika, na hawakurudi nyuma. Makadirio ya sasa yanauweka mwanzo huo miaka milioni 30 hivi iliyopita. Uyoga wote wa masega hayo ni ukoo mmoja, kama Heim alivyodai mwaka 1942 kwa kutumia kisu, hadubini na brashi ya rangi.

Kuna jambo moja ambalo yeye na waliomfuata hawajaliweza. Psilocybe mexicana iliota Paris ndani ya muda mfupi. Uyoga wa mezani, ule mweupe wa makopo na ule wa mamama unaolimwa kwenye mifuko ya pumba Moshi na Nairobi, unalimwa na yeyote mwenye banda na maji. Wa kichuguu ukiutia kwenye chupa ya maabara utakupa nyuzi, pengine na vile vifundo vyeupe, lakini kofia za kutosha kupeleka sokoni hazitoki. Anayeutaka bado anasubiri mvua, anaamka mapema, na anakwenda kwa mchwa.